Kutoka Darasa la Isimu hadi Biashara ya Kimataifa: Mfano wa Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Utangulizi

Mhitimu wa shahada ya Kiswahili anaporejea mtaani, iwe ni Kaloleni, Jericho au Dandora, huulizwa swali moja: atafundisha shule gani? Swali hilo huchukulia kwamba elimu ya lugha ina mlango mmoja tu. Makala haya yanaonyesha kuwa upo mlango mwingine, nao u karibu na nyumbani.

Soko la jirani

Gikomba huuza mitumba itokayo ng'ambo. Eastleigh nayo ilipanuka baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wakimbizi walipogeuza vyumba vya Garissa Lodge kuwa maduka ya bidhaa zilizoagizwa kutoka nje, nyingi zikipitia Dubai. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga na Jumuiya hiyo mwaka 2022. Kutoka Mombasa hadi Goma, Kiswahili ni lugha ya mapatano.

Isimu katika mkataba

Ichukuliwe sentensi hii ya mfano: "Mnunuzi atalipia gharama zote mzigo ukifika." Kiambishi -ki- kinaonyesha sharti, lakini kitenzi hakina kielezi cha mahali. Mzigo ukifika wapi: bandarini Mombasa, au ghalani Eastleigh? Kati ya sehemu hizo mbili kuna ushuru, ada za bandari na nauli ya lori. Asiyeliona pengo hilo aweza kupoteza mtaji wake wote. Aliyesoma semantiki hana budi kuliona. Utata wa aina hii ndio unaokabiliwa na kanuni za Incoterms, zilizotolewa kwanza mwaka 1936 na Chemba ya Kimataifa ya Biashara yenye makao Paris. Kanuni hizo hubainisha mahali ambapo gharama na hatari huhama kutoka kwa muuzaji hadi kwa mnunuzi.

Upungufu na tiba yake

Hata hivyo, kuliona pengo si kulijaza. Mhitimu asiyeweza kusoma ankara, hati ya shehena na viwango vya kubadilishia fedha hatafika mbali. Inafaa ajifunze misingi ya uhasibu angali chuoni, kisha aanzie kwa wakala wa forodha, akiandika barua na kutafsiri hati. Huenda ujira wa mwanzo ukawa mdogo, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hitimisho

Mhitimu wa lugha aingiapo biasharani haitupi shahada yake. Huitumia palipo na fedha za watu. Kinachomsaliti si Kiswahili, bali ni kudhani kwamba Kiswahili pekee kinatosha.

Maswali ya mjadala

1. Andika upya sentensi ya mkataba iliyo hapo juu ili kuondoa utata wake.
2. Je, idara za Kiswahili zifundishe rejista ya biashara kama somo la lazima? Jadili.