Mtoto Mchaguzi na Mabaharia wa Malindi

Palikuwa na mtoto mmoja mwanamume, umri wake miaka sita. Kila alipopakuliwa ugali na mchicha, alikula ugali, na mchicha akausukuma kando ya sahani. Papai alilikataa, akasema lina harufu. Mama yake alimbembeleza, baba yake alimkemea, bibi yake alimwahidi sukari; yote hayakufaa kitu. Kila walipomshurutisha ndipo alipozidi kufumba kinywa.

Dada yake alikuwa akisoma darasa la sita. Siku moja walifundishwa shuleni habari za mabaharia, na jioni alimsimulia ndugu yake hivi:

“Sikiliza, mdogo wangu. Mwezi wa Oktoba 1498, Mreno aitwaye Vasco da Gama aliondoka Bara Hindi kurudi Afrika. Upepo haukuwafaa, wakakaa baharini karibu miezi mitatu, pasipo matunda wala mboga mbichi. Fizi zao zikavimba hata wasiweze kula, na watu 30 wakafa njiani. Walipofika Malindi, Januari 1499, wagonjwa walitamani sana machungwa. Wakaletewa, lakini wengine walikuwa wamechelewa mno, wakafa papo hapo.”

“Ni ugonjwa gani huo, dada?”

“Huitwa kiseyeye. Mwaka 1747 mganga wa merikebu ya Kiingereza, James Lind, alitwaa wagonjwa 12, akawagawa wawili wawili, na kila wawili akawapa dawa yao. Wawili walipewa kila siku machungwa mawili na limau moja. Siku ya sita mmoja wao aliweza kurudi kazini, na mwenzake akawekwa kuwauguza waliosalia.”

“Lakini mimi si baharia,” akasema mtoto. Akacheka, wala mchicha hakuula.

Msichana akafahamu kwamba maneno peke yake hayatoshi. Akamwomba mama yake wasimlazimishe tena, bali wamwekee kila siku kijiko kimoja tu cha mboga, na watu wote wale mbele yake kwa furaha. Kisha akamlimia tuta dogo nyuma ya jiko, akampa mbegu za mchicha apande na kumwagilia maji mwenyewe. Baada ya wiki chache mchicha ukafaa kuchumwa. Jioni ile mtoto alimgawia kila mtu, akasema, “Huu ni mchicha wangu!” Akala wa kwanza. Papai alizidi kulikataa siku nyingi. Ila dada yake hakuchoka kumwekea kipande, na siku moja kipande hakikuonekana tena sahanini.

Basi, haba na haba hujaza kibaba. Mtoto huweza kukataa chakula kigeni mara kumi na zaidi kabla ya kukizoea. Kwa hiyo asiyekata tamaa ndiye ashindaye. Wala si vema kumwahidi sukari ili ale mboga, maana atadhani mboga ni adhabu na sukari ndiyo tuzo.

Tena ifahamike faida yake. Machungwa, malimau na mapera yana vitamini C, nayo huzuia kiseyeye. Mchicha, kisamvu, matembele, maembe na mapapai hutupatia vitamini A, ilindayo macho. Aliyepungukiwa nayo huanza kwa kutoona vizuri magharibi, jua likisha kuchwa. Mboga za majani zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe kwa maji machache na kwa muda mfupi, kwa sababu vitamini C hupotea katika maji na moto.

Maswali

1. Kwa nini mabaharia wa Vasco da Gama waliugua?
2. James Lind alijuaje dawa iliyofaa?
3. Kwa nini hadithi ya dada haikumfanya mtoto ale mchicha, na tuta lilimfanya?
4. Taja mboga na matunda yapatikanayo kwenu, na faida ya kila moja.