Kontakti wa Ebola si mgonjwa wa Ebola

SWALI: Hapa Bwera, mtu akiandikwa na wahudumu wa afya kuwa ni "kontakti" wa Ebola, majirani humkimbia na wateja huhama meza yake sokoni. Je, kontakti ni mgonjwa? Na kwa nini afuatiliwe siku 21? – Msomaji, Bwera

JIBU: Ndugu msomaji, kontakti si mgonjwa. Ni mtu aliyetangamana na mgonjwa wa Ebola, au na maiti yake, kwa namna inayoweza kumwambukiza: amemuuguza, amelala naye nyumba moja, amefua matandiko yake, amegusa damu au matapishi yake, au ameosha maiti. Jina hilo linaeleza jambo lililompata, wala halisemi lolote kuhusu hali ya mwili wake leo. Akipata homa, akitapika au akiharisha, huitwa mshukiwa, yaani anashukiwa kuwa na ugonjwa, si kuwa na kosa la kujibu polisi. Maabara ikikuta virusi katika damu yake, ndipo anapokuwa mgonjwa aliyethibitishwa. Kila jina lina utaratibu wake. Kontakti hukaa karibu na nyumbani na kupimwa joto kila siku, mshukiwa hutengwa peke yake na kuchukuliwa damu, aliyethibitishwa hutibiwa. Tukiwaita wote wagonjwa, tunawatesa wazima na kuwachelewesha wanaohitaji kitanda.

Siku 21 zina sababu. Tangu virusi viingie mwilini hadi dalili zianze, hupita siku 2 hadi 21, na katika muda huo, kabla ya dalili, mtu hamwambukizi mwenzake. Hesabu huanza siku ya mwisho aliyotangamana na mgonjwa, na akitangamana tena, huanza upya. Siku ya 21 ikipita bila dalili, jina lake hufutwa katika orodha.

Wilaya ya Kasese, iliko Bwera, ina ushahidi kwamba ufuatiliaji huu hufanya kazi. Juni 2019, familia iliyokuwa imetoka Kongo, ambako babu alikuwa amefariki kwa Ebola, ilivuka mpaka na kumpeleka mtoto wa miaka 5 Hospitali ya Kagando. Wahudumu walishuku Ebola, mtoto akahamishiwa kituo cha matibabu ya Ebola cha Bwera, na tarehe 11 Juni ugonjwa ukathibitishwa. Mtoto huyo alifariki, kisha bibi yake na mdogo wake wa miaka 3 nao wakafariki. Hata hivyo, hakuna mtu aliyeambukizwa ndani ya Uganda. Waliotangamana na familia walitafutwa, wakachanjwa na kufuatiliwa. Kabla ya hapo Uganda ilikuwa imewachanja wahudumu wa afya karibu 4,700 katika vituo 165, kwa sababu ng'ambo ya pili ya mpaka, Kivu Kaskazini, ugonjwa ulikuwa umetangazwa tangu Agosti 2018.

Wapo watakaosema kwamba bibi na mjukuu yule mdogo nao walianza kama kontakti wakaishia kuugua, kwa hiyo majirani wana haki ya kukimbia. Ni kweli kontakti anaweza kuugua, na ndiyo maana anapimwa joto kila siku. Lakini kinachomlinda jirani ni homa kugunduliwa saa inapoanza, na hilo haliwezekani kama mwenye homa amejificha kwa aibu. Wengine husema heri wote wafungiwe wodini. Kumweka mzima pamoja na anayeshukiwa ni kumtia katika hatari aliyoiepuka, na habari ya kufungiwa ikienea, hakuna atakayetaja jina la ndugu yake. Wengine huuliza: kama ni mzima, kwa nini akatazwe kwenda soko la Mpondwe au kuvuka mpaka kwenda Kasindi? Kwa sababu dalili zikimkuta safarini, atakuwa katikati ya watu ambao hakuna anayewajua wala atakayeweza kuwatafuta.

Tusidhani pia kwamba chanjo imeiondolea orodha hii kazi yake. Chanjo iliyotumika mwaka 2019 hukinga dhidi ya virusi vya aina ya Zaire. Ebola iliyozuka Mubende Septemba 2022 ilikuwa aina ya Sudan, isiyo na chanjo iliyoidhinishwa. Mlipuko huo ulitangazwa umekwisha tarehe 11 Januari 2023, na kati ya silaha kubwa zilizouzima ilikuwa kuwatafuta kontakti na kuwafuatilia mlango kwa mlango.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiulizwa ulikutana na nani, wataje wote, hata waliokuja kukupa pole matangani. Kontakti aliye jirani yako mpelekee chakula na maji, umwachie mlangoni, maana anayeshinda na njaa atatoka kutafuta riziki. Siku zake zikiisha salama, mrudieni mezani kwake sokoni na mnunue kama zamani.