Somo la Jumamosi: Waifai Ikizorota, Pima Kwanza



Katika nyumba nyingi zetu huku ughaibuni, fundi wa intaneti ni mtoto. Picha ikikwama, Baba huita, "Hebu njoo uangalie hii waifai." Mtoto huja, hubonyeza hapa na pale, intaneti inarudi, na akiulizwa amefanya nini, huanza kueleza kwa Kiswahili na kumalizia kwa Kiingereza. Somo la leo linataka mambo mawili: ujue kutafuta chanzo cha waifai kuwa nzito, na uweze kumweleza Mama, Babu au Bibi kwa Kiswahili kilichonyooka.

Sarufi ya leo ni viambishi -ki- na -sipo-, kwa sababu fundi hawezi kufanya kazi bila hivyo: "nikifanya hili, hutokea lile; nisipofanya, hutokea jingine."

RUTA YENYE PROGRAMU HURIA

Ruta ni kompyuta ndogo. Ndani yake mna programu inayoiendesha. Ruta nyingi hutumia programu ya kiwanda, lakini baadhi ya familia zimeweka programu huria iitwayo OpenWrt. "Huria" maana yake ni kwamba msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuwagawia wengine.

Historia yake ni fupi. Mwaka 2003 kampuni ya Linksys ilitoa hadharani msimbo wa ruta yake WRT54G, kwa kuwa ndani yake ilikuwa imetumia Linux, ambayo leseni yake inadai hivyo. Mwaka 2004 watu wakaanza kujenga OpenWrt juu ya msimbo huo, na herufi "Wrt" zikabaki katika jina hadi leo. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. (Umeiona -ki- katika "ukiona"?)

Faida ya OpenWrt ni kwamba inakuonyesha mengi na inakuachia kubadilisha mengi. Hasara yake ni hiyo hiyo: mpangilio mmoja ukikosewa, nyumba nzima inaenda konokono. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, mwombe mzazi ruhusa, kisha uhifadhi nakala ya mipangilio yote. OpenWrt ina kitufe cha kazi hiyo katika ukurasa wa mfumo. Ukiharibu, utarudisha kila kitu kama kilivyokuwa.

SAFARI INA VIPANDE VITATU

Watu husema "waifai mbovu" kwa kila tatizo. Lakini habari zako husafiri vipande vitatu: kutoka kwa kampuni ya intaneti hadi nyumbani, kupitia ndani ya ruta, na kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu yako. Waifai ni kipande cha mwisho tu. Ukibadilisha mipangilio ya waifai wakati kasoro iko kwenye laini ya nje, utahangaika mchana kutwa bila faida.

Kwa hiyo chukua daftari na upime mara tatu. Kasi hupimwa kwa megabiti kwa sekunde. Wakati wa kupima, waombe wenzako waache michezo na filamu kwa dakika tano.

Kipimo cha kwanza: chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, zima waifai ya kompyuta hiyo, kisha pima.

Kipimo cha pili: chomoa waya, washa waifai, kaa hatua mbili kutoka kwenye ruta, kisha pima.

Kipimo cha tatu: nenda mahali panapolalamikiwa, chumba cha kulala au jikoni, kisha pima kwa kompyuta ile ile.

Andika namba mbili kila mara: kasi ya kupakua, yaani inayokuja kwako, na kasi ya kupakia, yaani inayotoka kwako. Katika simu ya video, sura yako humfikia Bibi kwa njia ya kupakia. Bibi akisema, "Umeganda, mjukuu wangu," na wewe unamwona vizuri, tazama kwanza kupakia kwako. Yeye ndiye akiganda, na vipimo vyako vyote vitatu ni vizuri, huenda tatizo liko upande wake. Simu ya video huhitaji megabiti chache tu. Haihitaji laini ya ajabu, inahitaji laini iliyotulia.

KUSOMA NAMBA

Tuchukue nyumba ya mfano. Familia inalipia megabiti 70. Kwa waya wanapata 68. Hatua mbili kutoka kwenye ruta, kwa waifai, wanapata 21. Chumbani wanapata 17.

Wengi wangesema, "Kuta zimezuia." Lakini soma tena. Laini ya nje ni nzima, kwa sababu waya umetoa 68. Kuta nazo hazina hatia kubwa, kwa sababu hata karibu na ruta kasi ilikuwa 21 tu. Basi kasoro iko kwenye mipangilio ya waifai.

Fungua ukurasa wa ruta kwenye kivinjari. Anwani yake katika OpenWrt kwa kawaida ni 192.168.1.1. Kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa utaona kasi ya muungano ya kila kifaa. Katika nyumba yetu ya mfano imeandikwa 54. Namba hiyo inajieleza: 54 ndicho kikomo cha waifai ya kizazi cha 802.11g, kilichopitishwa mwaka 2003. Kasi ya muungano si kasi utakayoipata. Nyingine huliwa na mazungumzo ya vifaa vyenyewe, na kwa kawaida hubaki kama nusu yake. Ndiyo maana 54 imezaa 21.

Ruta mpya ikikwama kwenye 54, angalia mambo matatu. Kwanza, hali ya waifai: imewekwa ya zamani badala ya N, AC au AX? Pili, usimbaji wa nenosiri: ukiwa TKIP, ambao ni wa zamani, kasi za vizazi vipya hazitumiki. Chagua WPA2 yenye AES, au WPA3 ikiwa vifaa vyenu vyote vinaikubali. Tatu, WMM: isipowashwa, kasi hizo mpya pia hazitumiki.

Sasa chukua nyumba ya pili: waya 68, karibu na ruta 64, chumbani 7. Hapa mipangilio ya msingi ni mizuri. Tatizo ni umbali, kuta au majirani. Tazama nguvu ya mawimbi kwenye ukurasa wa ruta. Huandikwa kwa namba hasi, na iliyo karibu na sifuri ndiyo bora: -50 ni nzuri sana, -67 inatosha kwa simu ya video, -80 ni dhaifu. Ikiwa dhaifu, itoe ruta nyuma ya televisheni au ndani ya kabati, uiweke juu na katikati ya nyumba.

Nguvu ikiwa nzuri lakini kasi ni ndogo, huenda chaneli imejaa. Waifai ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri, lakini majirani wote wamo humo, pamoja na blututhi na oveni ya maikrowevu. Chaneli zake huingiliana. Zisizogusana ni 1, 6 na 11. Bonyeza kitufe cha kutafuta mitandao, hesabu majirani, kisha chagua ile yenye watu wachache. Waifai ya gigahezi 5 ina nafasi na kasi zaidi, ila hupungua upesi ikipita kwenye kuta. Kwa hiyo chumba cha karibu kipewe 5, cha mbali kijaribu 2.4.

Nyumba ya tatu: familia inalipia 70, lakini kwa waya wanapata 34, karibu na ruta 33, chumbani 30. Hapa waifai haina kosa hata kidogo. Ondoa ruta njiani: chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye modemu ya kampuni, ikiwa ni kifaa cha peke yake, kisha pima. Ikibaki 34, wapigie kampuni, na daftari lako mkononi. Ikiruka hadi 68, kizuizi ni ruta yenyewe. Katika OpenWrt, angalia kama SQM imewashwa. Hiki ni kidhibiti cha foleni, kinachozuia mtu mmoja anayepakua filamu kuwabana wengine. Ni kizuri sana, lakini mnakiandikia kasi ya laini yenu. Mkinunua laini ya kasi zaidi na kusahau kubadilisha namba hiyo, SQM itaendelea kuwabana kwenye kasi ya zamani.

MSIMBO WA NCHI

Kila nchi ina sheria zake za mawimbi: chaneli zipi zitumike na kwa nguvu kiasi gani. Kwa hiyo OpenWrt ina sehemu ya kuandika msimbo wa nchi. Anayeishi Uingereza aandike GB, Oman ni OM, Marekani ni US. Ukihama na ruta yako kutoka Muscat kwenda London, badilisha na msimbo. Ukiachwa wazi au ukiwa wa nchi nyingine, baadhi ya chaneli hufungwa, au mnatumia mawimbi kinyume cha sheria ya mahali mlipo.

Chaneli nyingine za gigahezi 5, kuanzia 52, hutumiwa pia na rada. Ruta ikichagua mojawapo, ni lazima isikilize kwanza, kwa kawaida dakika moja, ndipo itangaze mtandao. Waifai isipoonekana mara baada ya kuwashwa, usikimbilie kuizima. Subiri.

KITU KIMOJA KWA WAKATI MMOJA

Badilisha mpangilio mmoja, pima, andika. Ukibadilisha mitano pamoja, hata kasi ikipanda hutajua ni upi uliosaidia, na ikishuka hutajua ni upi ulioharibu.

SARUFI: -KI- NA -SIPO-

Kiambishi -ki- huonyesha sharti: ukikaa, ikishuka, mawimbi yakiwa. Kukanusha kwake ni -sipo-: usipokaa, isiposhuka, mawimbi yasipokuwa. Methali ya kukumbukia: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Angalia vitenzi vifupi. Kwenye -ki- huacha ku: ukija, ukila. Kwenye -sipo- ku hubaki: usipokuja, usipokula.

MSAMIATI

chomeka: ingiza waya mahali pake
chomoa: toa waya
kupakua: kuleta kwako kutoka kwenye intaneti
kupakia: kupeleka kutoka kwako
mpangilio (mipangilio): chaguo ndani ya kifaa
usimbaji: kuficha habari ili mwenye nenosiri tu azisome
kizuizi: kinachozuia
zorota: pungua nguvu au ubora

MAZUNGUMZO: someni wawili wawili, mtoto na mzazi

Mama: Haya, mwanangu, umegundua nini?
Mtoto: Mama, nimepima mara tatu. Kwa waya kasi ni nzuri, kwa hiyo laini haina tatizo.
Mama: Basi kwa nini simu ya Bibi inakatikakatika?
Mtoto: Chumbani kwako mawimbi ni dhaifu. Ruta iko nyuma ya televisheni. Ukiniruhusu, nitaisogeza pale juu, kisha nipime tena.
Mama: Na isiposaidia?
Mtoto: Isiposaidia, nitairudisha, halafu nijaribu chaneli nyingine.
Mama: Haya, fanya. Lakini usizime kitu kabla dada yako hajamaliza mtihani wake.

ZOEZI

A. Jaza kwa -ki- au -sipo-.
1. (Wewe, kukaa) ______ karibu na ruta, kasi hupanda.
2. Kasi (kutopanda) ______, jaribu chaneli nyingine.
3. Mawimbi (kuwa) ______ dhaifu, sogeza ruta.
4. Waya (kutofika) ______, sogeza kompyuta.
5. Bibi (kuja) ______ kwenye simu, mwamkie kwanza.

B. Nyumba inalipia 100. Kwa waya 96, karibu na ruta 90, jikoni 9. Kasoro iko wapi? Eleza kwa sentensi tatu.

C. Kazi ya nyumbani: pima kwenu mara tatu, andika namba kwenye daftari, kisha mweleze mtu mzima mmoja kwa Kiswahili kitupu. Jumamosi ijayo kila mmoja atasimama dakika mbili atueleze.

Wazazi, tunaomba jambo moja. Mtoto akianza kueleza na akakwama kwenye neno, msimrukie kwa Kiingereza. Mpeni muda, au mpeni neno lenyewe kutoka kwenye msamiati hapo juu. Anayejua kueleza kazi ya mikono yake kwa lugha ya nyumbani, haoni tena kuwa lugha hiyo ni ya salamu na chakula peke yake.

MAJIBU

A. 1. ukikaa 2. isipopanda 3. yakiwa 4. usipofika 5. akija
B. Laini ni nzima, kwa sababu waya umetoa 96. Mipangilio ya msingi ni mizuri, kwa sababu karibu na ruta kasi ni 90. Kasoro iko kati ya ruta na jikoni: umbali, kuta au chaneli iliyojaa.