SOMO LETU: NANI ATALIPIA UPASUAJI?

Ndugu wafanyakazi, mkata chikichi wa Rumonge akianguka mtini na mfupa ukaunga vibaya, daktari aweza kushauri apasuliwe upya. Upasuaji huo si wa haraka, wala si wa kila siku. Basi mlipaji huuliza: je, ni lazima?

Ajali ya kazini hugharimiwa na INSS, mradi imetangazwa. Mutuelle, iliyoanzishwa mwaka 1980, ni ya watumishi wa serikali.

Kwa hiyo:
1. Tuandikishe ajali siku ile ile.
2. Daktari aandike kazi tusiyoiweza bila kupasuliwa.
3. Tupate kibali cha maandishi kabla ya kulazwa.

Tukikataliwa, tudai sababu kwa maandishi, tuilete chamani. Ahadi ya mdomo hailipi hospitali.