SOMO LA 9: VIDONGE VINAVYOZIMA PUMZI

Tramadol ni dawa ya kutuliza maumivu makali. Munganga humpa mgonjwa aliyepasuliwa au aliyevunjika mfupa, naye hupima kiasi chake. Lakini wanafunzi wengine huinunua kwa siri, wapate nguvu au wasahau huzuni. Mwili huizoea. Kidonge kimoja hakitoshi tena. Anameza viwili, kisha vingi. Akikosa, anatetemeka, anatoka jasho, tumbo linamuuma. Mtu huyu ni mgonjwa, fimbo haitamponya.

Namna inavyoua

Ubongo ndio unaoongoza pumzi zetu, hata tukilala. Dawa ikizidi, ubongo unaacha kazi hiyo. Mtu anapumua polepole, kisha hapumui. Tramadol huweza kuleta degedege pia. Hatari huongezeka akinywa pombe au dawa ya usingizi pamoja nayo.

Dalili zake: haamki ukimwita na kumtikisa, anakoroma kama anayekabwa, midomo na kucha zinageuka rangi ya majivu.

Ufanye nini?

1. Ita watu, mtume mmoja hospitali upesi.
2. Kama hapumui, inua kidevu chake, ziba pua, mpulizie pumzi kinywani, moja kila sekunde 5.
3. Kama anapumua, mlaze kwa ubavu, matapishi yasimkabe.
4. Usimtapishe, wala usimnyweshe maziwa au mafuta.
5. Iko dawa ya naloksoni inayorudisha pumzi. Lakini nguvu yake huweza kuisha kabla ya ile sumu. Basi akiamka, asiende nyumbani. Akae hospitali aangaliwe.

Neno kwa walimu

Mara nyingi rafiki zake wanaogopa kufukuzwa. Wanamfungia chumbani na kusema, «Mwache, atalala, ataamka.» Hivyo anakufa, na msaada ulikuwa karibu. Mwalimu mkuu awatangazie wanafunzi wote: anayeita msaada hataadhibiwa, wala yule anayeitiwa. Halafu ashike neno lake. Akilivunja mara moja, hakuna atakayemwita tena.

Neno juu ya aliyeacha

Asiache kwa ghafula peke yake. Munganga atampunguzia kidogo kidogo. Akiisha kuacha, mwili hauna mazoea tena. Akirudia kiasi chake cha zamani, kinaweza kumwua. Kwa hiyo siku zile ambazo sisi tunafurahi kwamba amepona, ndizo siku za kumlinda zaidi. Arudishiwe nafasi yake darasani. Achaguliwe mwalimu mmoja wa kuzungumza naye kila juma. Akianguka tena, usimwite mwongo. Mrudishe kwa munganga.

Maulizo

1. Kwa nini mtu aliyelewa dawa analazwa kwa ubavu?
2. Kwa nini aliyepewa naloksoni asiende nyumbani mara moja?
3. Kwa nini kiasi cha zamani ni hatari kwa mtu aliyeacha?
4. Katika masomo yenu, nani ataitwa usiku? Wanafunzi wote wanamjua?