SOMO LA KUMI NA NNE: KUTAFUTA METALI ILIYOFUKIWA ARDHINI

Mama mmoja wa Hasamba, katika Mkoa wa Songwe, anapanda maharage shambani mwake. Ufunguo wa ghala ameufunga katika pindo la kanga. Fundo linalegea, ufunguo unaanguka, naye haoni. Anapokuja kugundua kwamba umepotea, amekwisha funika matuta manne. Mbegu za mahindi zimo ghalani na mvua imeanza kunyesha. Utamsaidiaje mama huyu bila kufukua maharage yote?

Huenda umefikiri mara moja juu ya sumaku. Basi na tuanze hapo.

Jaribio la kwanza

Twaa beseni, ulijaze mchanga mkavu. Fukia ndani yake msumari, kizibo cha soda, kipande cha waya wa shaba, kipande cha alumini kilichokatwa katika kifuniko cha sufuria mbovu, sarafu mbili au tatu za aina mbalimbali, na ufunguo wa kufuli. Visifukiwe sana, urefu wa pingili moja ya kidole watosha. Sasa pitisha sumaku polepole juu ya mchanga, karibu sana bila kuugusa.

Utaona mchanga ukitikisika na msumari ukichomoza. Kizibo nacho hutoka. Lakini shaba na alumini havitoki hata ukipitisha sumaku mara mia. Sarafu nyingine hutoka na nyingine hubaki, kwa sababu hazikutengenezwa kwa metali za namna moja. Na ufunguo? Kama ni wa chuma utatoka. Kama ni wa shaba, na funguo nyingi za kufuli ni za shaba, utabaki pale pale ulipo.

Kwa hiyo sumaku peke yake haitoshi. Huvuta chuma na metali nyingine chache kama nikeli, basi. Dhahabu, fedha, shaba na alumini haivivuti. Yatupasa kutafuta njia nyingine.

Jaribio la pili

Omba kwa fundi wa redio sumaku ya spika mbovu. Ifunge kwa uzi mrefu uining'inize juu ya meza ya mbao, ikaribie kugusa mbao lakini isiguse. Ivute kando kidogo, uiachie, uhesabu itabembea mara ngapi kabla ya kusimama. Halafu weka chini yake sufuria nene ya alumini iliyofudikizwa, urekebishe uzi ili sumaku iwe karibu na kitako cha sufuria kama ilivyokuwa karibu na meza, kisha rudia.

Juu ya sufuria sumaku husimama mapema zaidi, kana kwamba inapita katika uji. (Kama sumaku yako ni dhaifu hutaona tofauti; tafuta nyingine kabla ya kusema kwamba kitabu kinakosea.) Jambo hili lastahili kukushangaza. Umekwisha hakikisha kwamba sumaku haivuti alumini. Ni nini basi kinachoizuia?

Mwaka 1831 mwanasayansi wa Uingereza, Michael Faraday, aligundua kwamba sumaku inapotembezwa karibu na waya, mkondo wa umeme huzaliwa ndani ya waya ule. Sumaku ikitulia, mkondo hutoweka. Sufuria si waya, lakini ni metali, na umeme hupita ndani yake kwa urahisi. Sumaku inapobembea juu yake, mikondo midogo ya umeme huzunguka ndani ya alumini kama maji yanavyozunguka kando ya mto. Mikondo hiyo nayo hufanya usumaku wake, na usumaku huo ndio unaoipinga sumaku yako. Mbao haipitishi umeme, kwa hiyo hakuna kitu cha kuizuia sumaku juu ya meza.

Kumbuka vizuri jambo hili. Kila metali hupitisha umeme, hata ile isiyovutwa na sumaku.

Kigunduzi cha metali

Kifaa cha kutafuta metali huitwa kigunduzi cha metali. Wengine hukiita ditekta. Kina fimbo ndefu yenye kishikio, na chini yake kichwa cha duara kilicho bapa kama sahani. Ndani ya kichwa umo waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi, yaani koili. Betri hupeleka umeme katika koili, na umeme huo hubadili mwelekeo wake maelfu ya mara katika sekunde moja. Kwa hiyo hapana haja ya kubembeza sumaku kwa mkono; usumaku wa koili hubadilika wenyewe wakati wote na kupenya udongoni.

Kama hapana kitu chini, kifaa hukaa kimya. Kama pana metali, mikondo midogo huzunguka ndani yake, kama ilivyozunguka katika sufuria yako, nayo hutoa usumaku wake. Koili ya pili iliyo katika kichwa hupokea usumaku huo, na mlio husikika.

Mmoja wa watu wa kwanza waliojaribu kifaa cha namna hii ni Alexander Graham Bell, ambaye jina lake mtalikuta tena katika somo la simu. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari hawakujua risasi imekaa wapi mwilini. Bell alileta kifaa chake. Alikuwa amekijaribu mara nyingi na kilifanya kazi. Lakini kitandani kwa Rais kililia mahali pengi, na risasi haikuonekana. Baadaye ilifahamika kwamba kitanda kilikuwa na springi za chuma. Tena Bell aliruhusiwa kupima upande wa kulia tu, kumbe risasi ilikuwa upande wa kushoto. Rais alifariki mwezi Septemba mwaka ule ule. Kifaa hakikuwa na kosa. Kilijibu kila metali iliyokuwa karibu nacho, kwani hiyo ndiyo kazi yake, nacho hakiwezi kuchagua.

Namna ya kukitumia

Mtu anayeshika kigunduzi kwa mara ya kwanza hutamani kwenda porini siku hiyo hiyo. Afadhali aanze nyuma ya nyumba. Yampasa afukie mwenyewe vitu anavyovijua, kimoja kimoja, mbali mbali, na kuweka kijiti penye kila kitu: msumari, kizibo, sarafu, kipande cha alumini. Kisha apitishe kichwa juu ya kila kimoja na kusikiliza. Baada ya siku chache masikio yake yataanza kutofautisha mlio mfupi wa kitu kidogo na mlio mpana wa debe bovu. Atajua pia kwamba sarafu iliyolala husikika vizuri kuliko iliyosimama, na kwamba kitu kikishushwa kina kidogo tu, mlio wake hupungua sana. Sarafu iliyo chini kwa urefu wa rula yako, yaani sentimeta 30, huweza kupitwa kabisa.

Kabla ya kuanza, vua bangili, toa funguo mfukoni, na weka jembe mbali. Usiyasahau ya kitanda cha Rais! Shika fimbo ili kichwa kiwe karibu na ardhi, kiasi cha vidole viwili au vitatu juu yake, na kiwe sambamba nayo. Kipeleke kushoto na kulia polepole. Makosa ya wanafunzi wengi ni kukirusha kama wanaofyeka nyasi, kikawa juu kila mwisho wa mwendo. Kila unaposogea mbele, kichwa kifunike sehemu ya pale ulipokwisha pita, usije ukaacha mapengo.

Ukisikia mlio, usichimbe bado. Pitisha kichwa kutoka kushoto hadi kulia, uweke alama penye mlio mkubwa. Halafu geuka upande, upitishe kwa kukata njia ile ya kwanza. Mahali njia mbili zinapokutana ndipo kilipo kitu. Chimba kando yake, si juu yake, ili usikikwaruze. Na umalizapo, fukia shimo. Ng'ombe huvunjika miguu katika mashimo ya watu wavivu.

Liko jambo jingine ambalo wakulima wa Mbozi watalielewa upesi. Udongo mwekundu una rangi ile kwa sababu una kutu ya chuma. Udongo wa namna hiyo, na mawe mengine yenye chuma, huweza kukifanya kifaa kinung'unike hata pasipo na kitu. Vifaa vizuri vina kitufe cha kusawazisha, ili kifaa kiuzoee udongo kabla ya kazi.

Kuna nini chini ya ardhi yetu?

Kitu kikubwa kabisa cha metali katika sehemu hizi hakihitaji kigunduzi. Ni Kimondo cha Mbozi, kilichoko Ndolezi, jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani zamani sana. Habari zake zilienea nchi za nje baada ya mwaka 1930, mpima ardhi W. H. Nott alipokiona. Urefu wake ni kama meta 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 12 au zaidi. Karibu sehemu 90 katika kila 100 ni chuma, na kama sehemu 9 ni nikeli. Tangu mwaka 1967 kimehifadhiwa kwa sheria. Ukibahatika kukitembelea, jaribu kukisogezea sumaku ndogo uone.

Mashambani kuna vitu vidogo zaidi. Wanyiha wa Mbozi walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma. Walijenga tanuru ndefu za udongo, wakatia mawe ya chuma na makaa, na chuma kilichopatikana kikafuliwa majembe na mikuki. Penye tanuru ya zamani hubaki mavi ya chuma, mawe meusi yenye vitundu kama vya mkate. Bado yana chuma ndani, kwa hiyo huweza kukiliza kigunduzi. Mtu asiyejua huyatupa. Mtaalamu wa mambo ya kale hufurahi, maana yanamwonyesha mafundi walifanyia kazi wapi; lakini humfaa tu yakiwa hayajaondolewa mahali pake.

Kaskazini, katika nchi ya Lupa na Saza, iko dhahabu, na iligunduliwa katika miaka ya 1920. Kigunduzi huweza kuonyesha kipande kizima cha dhahabu kilicho karibu na uso wa nchi. Dhahabu iliyo kama unga ndani ya mwamba hakiioni. Wachimbaji hutakiwa wawe na leseni, na migodi si mahali pa watoto kufanya kazi.

Tena wapo watu wanaopita vijijini wakinong'ona habari za mali ya Wajerumani. Ni kweli kwamba Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 huko Tabora mwaka 1916, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 7 hivi. Ni kweli pia kwamba mwezi Novemba 1918 jeshi lao lilipita pande hizi likaingia nchi ambayo leo ni Zambia, ambako lilisalimu amri. Lakini mtu akikuambia kwamba mashine yake, au fimbo zake mbili za shaba, zinaonyesha sanduku la dhahabu lililo mlima wa pili, nawe utoe kwanza fedha za kukodi mashine, mwulize swali moja. Usumaku wa koili yake unafikaje huko, hali sarafu yako ya sentimeta 30 ilikuwa shida? Wazee wenye akili nyingi wameuza ng'ombe kwa kukosa kuuliza swali hilo.

Hatari

Majeshi yaliyopita huweza kuacha risasi na mabomu yasiyolipuka. Kutu haiondoi hatari yake. Ukikuta kitu cha metali chenye umbo la risasi kubwa, chupa au yai, usikiguse, usikipige jiwe, usikitupe motoni. Weka alama mbali kidogo, ondoka kwa njia uliyojia, umwambie mwalimu, mtendaji wa kijiji au polisi.

Katika nchi zilizotegwa mabomu, kigunduzi hulia kwa kila msumari, na kazi huenda polepole mno. Ndiyo sababu huko Morogoro hufundishwa panya wakubwa, panya buku, wanaonusa baruti. Panya hajali metali hata kidogo. Panya hao wamefanya kazi Msumbiji na Kambodia.

Vitu vya kale navyo vina sheria yake, ya mwaka 1964. Aliyevumbua kitu cha namna hiyo hutakiwa kutoa taarifa serikalini, na kuvifukua bila kibali ni kosa.

Na ufunguo wa mama wa Hasamba je? Akipatikana mtu mwenye kigunduzi, kazi hiyo ni ya dakika chache, kwani ufunguo hauko chini sana. Apite juu ya tuta moja moja. Tuta la tatu linalia mara mbili. Mlio wa kwanza ni kizibo cha soda.

Maswali

1. Kwa nini sumaku haikuweza kuupata ufunguo wa shaba, na kigunduzi kinaweza?
2. Sufuria haivutwi na sumaku. Eleza kilichoizuia sumaku kubembea.
3. Kigunduzi cha Juma kinalia popote anapokipeleka. Taja mambo matatu atakayochunguza kabla ya kusema kifaa ni kibovu.
4. Chora shamba lenye matuta sita. Onyesha kwa mishale njia utakayopita ili usiache pengo.
5. Waulize wazee wa kijijini kwenu kama wanajua mahali palipokuwa na tanuru ya chuma. Andika waliyokueleza. Usichimbe.
6. Je, kigunduzi kinaweza kupata almasi? Toa sababu.