Dondoo muhimu: Solo ya sauti tano

Anayejifunza kubuni solo papo kwa papo hukimbilia kuongeza skeli, ilhali kinachompungukia mara nyingi ni mapigo. Ushahidi upo Bagamoyo. Hukwe Zawose, Mgogo kutoka Dodoma aliyefundisha Chuo cha Sanaa (leo TaSUBa) na kufariki mwaka 2003, alitawala jukwaa kwa ilimba (ala ya kupigwa kwa vidole gumba), zeze na skeli ya Kigogo yenye sauti tano. Utamu ulikuwa katika mahali pa kuingilia, pa kukata na pa kunyamaza. Basi kwenye gitaa shika pentatoniki (skeli ya sauti tano) ya La ndogo: La, Do, Re, Mi, Sol, kati ya freti ya 5 na ya 8. Usiipande na kuishuka kama ngazi. Chagua sauti tatu kwenye nyuzi mbili nyembamba, piga kifungu kifupi, nyamaza kwa urefu uleule, kisha kijibu.

Utaambiwa wapiga solo wa dansi hutumia sauti saba. Kweli, na sauti za Kigogo zenyewe haziketi sawasawa kwenye freti. Tunachoazima ni nidhamu, si skeli. Lakini Fa na Si, zile mbili zilizoachwa, ndizo hukwaruza haraka ukizing'ang'ania juu ya kodi (chord) isiyo na sauti hizo, kwa hiyo zije baadaye, tena za kupitia tu. Wimbo ukiwa wa Do kubwa, vidole havihami: sauti ni zilezile, ila kifungu kitue kwenye Do badala ya La.